Uwanja Usiofagiliwa

Nilipowaona wanaingia bila kuzungumza, nilijua Bruhan amekufa.

Mama Namukose, jirani yangu wa mlango wa pili, alitangulia na mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake Santa, mke wa koplo, alibeba beseni la unga. Wote wawili walikuwa wamejifunga leso kiunoni. Santa ni mtu ambaye sauti yake hufika kabla yake. Siku hiyo alikuja kimya, na kimya chake ndicho kilichonimaliza. Nilikuwa nimechuchumaa, namwagilia maua kwa kikombe. Kikombe kikanitoka mkononi, nikabaki natazama udongo ukinywa maji.

Sisi watatu tumepanga hapa Malukhu, Mbale, kwenye safu moja ya nyumba, na waume zetu ni askari. Bruhan wangu alikuwa amepelekwa ng'ambo ya mpaka. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa baada ya swala, kisha simu zikakoma. Nilikwenda kuuliza kambini, wakaniambia mtandao wa kule ni mbovu. Mchana niliwaamini, lakini jua likitua sikuamini kitu. Nikaanza kuogopa hata boda boda: ikipunguza mwendo karibu na lango letu, naacha kila kitu nisikilize kama itasimama.

Kwa kutafuta cha kuishughulisha mikono, nikapanda basi kwenda kwa mama, Jinja. Mbele ya kibaraza chake kuna maua yanayotambaa, mafupi kuliko kiganja, yenye vijani vinene kama punje za mchele, mengine ya waridi, mengine ya manjano. Yeye huyaita ya saa nne, kwa kuwa hufunguka jua likishapanda na kujifunga alasiri. Bruhan aliyapenda. Kila akija likizo alilalamikia vumbi la uwanja wetu linaloingia hadi kwenye chai, akasema siku moja tupande yale ya mama mkwe. Mama alinikatia vipande, akavifunga kwenye kitambaa kibichi, wala hakuniuliza habari za mume. Nilimshukuru kwa hilo.

Nilivichomeka mbele ya mlango wangu, na mikono ikiwa bado na udongo nikajisemea neno ambalo sikupaswa kulisema: haya yakishika, Bruhan atarudi. Upuuzi mtupu, tena kwa mwanamke anayeswali. Lakini lilikwisha kuingia kichwani na halikutaka kutoka. Nikayalinda maua kama mayai. Nikawafukuza kuku wa Santa kwa maneno yasiyo na adabu. Ufagio nikauficha nyuma ya mlango, maana njiti zake zingeng'oa mizizi ambayo haijashika. Majani ya mfenesi yakaanguka, yakalala hapo, na mimi nikaona vizuri tu, yatatunza unyevu.

Sikufikiria hata kidogo jirani zangu wanaona nini.

Mama Namukose alitua kuni, akakaa chini kando yangu, akanishika mkono.

"Pole, mwana yangu. Tumechelewa kuja."

Nikauliza jambo moja tu. "Nani aliwaambia?"

Akamtazama Santa. Santa akatazama unga wake.

"Sisi tulidhani ni wewe ndio uliambiwa," Santa akasema polepole. "Hii uwanja yako siku hizi hakuna kufagia. Tukasema, huyu amepata habari, anakaa nayo peke yake."

Hapo nikaelewa. Kwetu Busoga, na Bruhan na Mama Namukose ni wa huko huko, msiba ukiingia nyumbani ufagio hulazwa, hakuna anayefagia mpaka wazee waruhusu. Nimelijua jambo hilo tangu utotoni, na lilinipita kana kwamba sijawahi kulisikia. Nikawaambia ni maua tu, hakuna aliyeniletea habari yoyote. Santa akaanza kucheka. Nami nikacheka, halafu kicheko kikageuka, nikalia begani kwake mpaka blauzi yake ikalowa.

Mama Namukose hakucheka. Aliingia ndani kwangu, akatoka na ufagio, akanitia mkononi.

"Fagia, Jaliah. Usimwitie bwana yako kifo."

Nilisimama na ufagio ule nisijue pa kuanzia. Nikifagia, ninayang'oa maua, na maisha ya Bruhan nilikuwa nimeshayaweka humo kwa mdomo wangu mwenyewe. Nisipofagia, uwanja unaendelea kutangaza msiba. Niliogopa huku na kule, na ningemweleza nani bila kuonekana nimerukwa na akili? Mwisho nikauegemeza ufagio ukutani, nikapiga magoti, nikaanza kuokota majani ya mfenesi kwa vidole, moja moja. Mama Namukose akapiga magoti na yeye, huku akiyalaumu magoti yake.

Basi nikawa nafagia hivyo kila asubuhi. Maua yakashika, yakatambaa, yakafunika udongo wote mpaka langoni. Simu haikulia. Kuna siku niliyachukia kwa jinsi yalivyostawi.

Bruhan alirudi alasiri moja bila kutanguliza habari. Nilisikia lango likisukumwa kidogo, kisha kimya, nikatoka kuangalia. Alikuwa amesimama nje, begi begani, amekonda hadi shingo imekuwa ndefu. Maua yalikuwa yameshajifunga, majani ya mfenesi yametapakaa juu yake tangu asubuhi, na uwanja mzima hauna hata mstari mmoja wa ufagio. Hakuingia. Macho yake yalikuwa chini.

"Jaliah," akasema kwa sauti ndogo, "ni nani? Ni mama yangu?"

Hofu yangu yote ya miezi ile niliiona usoni pake.

"Hakuna mtu," nikamwambia. "Ni yale maua ya Jinja. Kanyaga tu, uingie."

Aliyatazama tena, akanitazama mimi. Kisha akaweka begi chini, akainama pale pale langoni, akaanza kufungua kamba za buti.