Hamdam Ameinua Mikono

Hamdam aliutamani uongozi wa baraza letu kwa miaka kumi na minane, na mwishowe akaamua kuutafuta kwa miwani.

Baraza lenyewe ni la watu kumi na wawili tuliosoma darasa moja hapa mjini Margilan. Kila mwezi tunakutana kwa mmoja wetu, tunakula pilau, tunacheza nardi, ule mchezo wa dadu na kete, na kutaniana. Kiongozi hana mshahara. Kazi yake ni kuamua nani akae wapi, nani anyamaze na nani apike tena kwa kosa la kuchelewa. Zokir, mwoka mikate, ameishika kazi hiyo tangu tukiwa vijana, lakini sasa mgongo umemkataa. Akasema mwezi huu, nyumbani kwa Hamdam, tutachagua mwingine kabla ya pilau kuletwa. Kanuni yetu ni ngumu: lazima kila mtu ainue mkono, isipokuwa yule anayetajwa. Akikosekana mmoja tu, jina hilo limeanguka.

Majina yalikuwa mawili, Hamdam na Ergash fundi friji. Ergash hakuomba chochote, watu walimtaja tu. Mimi nilikaa dawati moja na Hamdam miaka kumi, kwa hiyo alinipigia simu.

"Olim, wewe na mimi tusipoinua mikono, Ergash hapiti. Halafu nikishawavika miwani yangu, wote watanijia wenyewe. Niahidi."

Nikamwahidi. Ningefanyaje?

Miwani hiyo ni ile ya uhalisia pepe, dude la kuziba nusu ya uso, na gemu zake zinachezewa humo ndani. Hamdam alikuwa amesoma mahali kwamba katika miaka mitano kila nyumba itakuwa nayo. Zamani alisoma hivyohivyo kuhusu televisheni ya kuvaa miwani, akainunua pamoja na miwani yake sita. Siku hizi mkewe Mavluda anaivaa miwani hiyo akikata vitunguu, na anaisifu sana.

Tulipoingia chumba cha wageni Jumapili ile mchana, tulisimama mlangoni tukashangaa. Katikati palikuwa patupu. Kitambaa cha chakula, pamoja na zabibu, lozi na mikate, kilikuwa kimeburutwa hadi ukutani. Kwetu mkate ukishatandikiwa mgeni hauguswi mpaka dua isomwe. Tena mikate ile Zokir aliioka mwenyewe alfajiri.

"Hamdam," Zokir akauliza, "mkate umekukosea nini?"

"Miwani inataka nafasi, bwana. Mita mbili kwa mbili. Kaeni pembeni hapo, mtashukuru baadaye. Ile nardi yenu tutawapa watoto wachezee."

Akaanza na Zokir, kwa heshima. Ilibidi Zokir avue kofia ili mkanda umkae, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi tukakiona kipara chake. Akasimama, akayumba, akapapasa hewa. Sisi wengine tulikaa tukitazama kidevu chake, maana hakuna kingine cha kutazama. Dakika tatu baadaye alilivua dude lile, jasho linamtiririka, akaomba beseni.

"Umeona nini?" Hamdam akamuuliza.

"Nimeona bahari. Sasa inataka kutoka."

Kumtapisha mgeni kabla hajala! Nilimwonea aibu Hamdam, maana yeye mwenyewe hakuiona.

"Tatizo ni tumbo la Zokir, si miwani," akasema. "Nitazameni mimi."

Akajivika, akaziba masikio kwa spika zake, akashika rimoti zake mbili na kuanza kupanda jabali ambalo hakuna aliyeliona ila yeye. Alipanda mpaka tukasahau kwamba yumo. Robo saa ikapita. Sauti ya Mavluda ikaja kutoka nyuma ya mlango: "Baba watoto, pilau imeiva! Ikikaa zaidi itakuwa uji!"

Zokir akamwita Hamdam mara tatu. Hamdam akazidi kupanda.

"Je, mwenyeji yumo chumbani au hayumo?" Zokir akatuuliza.

"Yumo," tukajibu. Miguu yake tuliiona.

"Basi tuchague. Anayemtaka Ergash, mkono juu."

Mikono tisa ikapanda. Wangu niliukalia. Zokir akamgeukia Hamdam, na mimi nikamtazama pia. Alikuwa amening'inia kwenye jabali lake, mikono yote miwili juu, vidole vimekaza rimoti.

"Kumi," Zokir akasema, kisha akanitazama mimi.

Hatua moja tu ingenitosha kumgusa bega. Lakini harufu ya pilau na bizari ilikuwa imeshaingia, na kusema kweli nilikuwa nimechoka na maajabu ya Hamdam, kuanzia televisheni hadi jabali. Nikainua mkono.

Amri ya kwanza ya Ergash ilikuwa maneno matatu: "Rudisheni mkate katikati." Tukakitandaza kitambaa hadi kwenye soksi za Hamdam, na sinia la pilau likawekwa mbele yake. Tulikuwa tumeshafika nusu alipovua miwani. Alama nyekundu imemzunguka macho, nywele zimemganda kwa jasho, na anacheka.

"Mmeona? Nimefika kileleni! Haya, sasa tuchague."

"Tumeshachagua," Zokir akasema. "Ergash."

"Bila mimi? Kanuni ni kila mtu!"

"Bila wewe vipi, wakati sisi tumeinua mmoja mmoja na wewe umeinua miwili?"

Watu wakacheka mpaka wakapaliwa na wali. Hamdam hakucheka. Alinitafuta mimi kwa macho, miwani inaning'inia mkononi.

"Olim. Uliniahidi."

"Niliukalia mkono wangu, ndugu yangu," nikamwambia, nikimsogezea mkate. "Mpaka nilipokutazama wewe."