Shemeji Aliyekuwa Mlango

Jamani, watu huiba kuku, huiba simu. Shemeji yake mshonaji aliiba mlango. Mzima mzima, na bawaba zake, mchana kweupe, mwenyewe kaenda kununua nyuzi. Akauuza, akanywa, hela ikaisha kabla ya kiu.

Mtaa ukagawanyika. Wa upande wa bomba: "Afungwe!" Wa upande wa kinyozi: "Afungwe vipi, si ndugu wa marehemu mumewe mshonaji huyo?" Hata salamu zikakatika. Mpatanishi wa mtaa, mwalimu mstaafu, akawakalisha wote kwenye duara la viti.

"Hapa hatutoi adhabu," akasema. "Tunamuuliza aliyeumizwa anataka nini. Haya, mama."

Tangu siku ile mshonaji alikuwa halali, anakodoa macho tu. Panya akipita, yeye anaona jambazi.

"Nataka usingizi wangu," akasema. "Nataka mlango."

"Na wewe utatengenezaje ulichoharibu?"

Shemeji akajikuna. "Mlango sina. Nina mwili tu."

"Basi utasimama badala ya mlango mpaka seremala amalize mwingine."

Mwalimu alimaanisha awe mlinzi. Shemeji hakuelewa hivyo. Alijipachika kwenye fremu, mikono huku na huku, uso nje. Mteja akija anamgonga kifuani, ko ko ko.

"Shemeji, kuna mtu," anamwambia mshonaji ndani.

"Mfungulie."

Anajigeuza ubavu, taratibu, huku analia kwa mdomo: kwiii.

"Hiyo kwiii ya nini tena?"

"Ndivyo ule wa zamani ulivyolia nilipoung'oa."

Mshonaji hakujua acheke au amrushie kitu.

Seremala naye, kama maseremala wote: kesho, kesho. Mvua ikanyesha, shemeji akagoma kufunguka, eti mbao ikilowa huvimba. Mwalimu akaja kukagua, hakupita.

"Mimi ndiye niliyekuweka hapo!"

"Mlango haujui cheo, mwalimu."

Mchana mmoja mshonaji akaegemeza kichwa kwenye cherehani, akalala fofofo. Ndipo seremala akatokea, mlango mpya kichwani.

"Pisha, bwana."

"Pamefungwa."

"Nimekuletea mlango!"

"Mwenyewe kalala. Kaa chini na mlango wako."

Seremala akautua chini, akalalama mpaka akachoka, mwisho naye akajinyoosha juu yake. Mshonaji alipoamka, udenda shavuni, alijigusa uso kama mtu aliyeokota kitu chake barabarani.

Mlango ukapachikwa, komeo likakaa sawa. Shemeji akabaki nje, mikono haijui ishike nini. Akabisha hodi.

"Nani?"

"Mlango."

"Mlango ninao."

"Shemeji."

"Shemeji yupi?"

Akaupapasa mlango mpya kwa kiganja.

"Yule mwizi."

Mshonaji aliweka mkono kwenye komeo, akangoja kidogo, makusudi, amsikie anavyobadilisha miguu. Kisha akavuta.

"Ingia," akasema, akarudi kwenye cherehani yake, kampa mgongo. "Na ufunge mlango."