Sentimita Thelathini na Nane

Kila Jumatatu asubuhi fundi viatu na shemeji yake walifika kwenye ofisi ya mkaguzi wa mawindo wakiwa na kichwa cha swala ndani ya gunia. Mkaguzi alisogeza chai yake pembeni, akapima pembe kwa futi kamba, akaandika: dume, sentimita thelathini na nane. Kibali kiliruhusu madume tu. Kisha fundi viatu, kama mtu aliyeshuhudia uwindaji, alitia saini kwenye mstari wa shahidi.

Pembe zilikuwa zilezile. Shemeji alizipata kwa dume aliyemuua kihalali miaka mitatu nyuma, na tangu hapo kila jike aliyeangushwa alibandikwa pembe hizo kwa gundi ya viatu. Majike hawana pembe, ila wana nyama, na wakiwa na watoto hawakimbii mbali. Mkaguzi hakuwahi kujiuliza kwa nini madume wote wa pori lile wana kipimo kimoja. Alikuwa mtu wa fomu, na fomu zilijaa vizuri.

Jumamosi moja jike aliyeangushwa alikuwa ananyonyesha. Maziwa yalichuruzika kwenye turubai la gari. Mtoto wake alitoka kwenye nyasi, akalifuata gari mpaka barabara ya lami, akasimama hapo.

"Huyu tungemwacha," fundi viatu alisema.

"Shemeji, unakaa kwangu," mwenzake alijibu bila ukali. "Bunduki ni yangu, saini ni yako. Tusiingiliane."

Ilikuwa kweli. Vyumba viwili alivyoishi na mkewe, na baraza aliloshonea viatu, vyote vilikuwa vya shemeji. Fundi viatu aliona aibu njia nzima. Jumatatu akatia saini.

Jumanne aliamka na vinundu viwili juu ya paji la uso. Kufikia Ijumaa vilikuwa pembe. Mkewe alizipima: thelathini na nane kushoto, thelathini na nane kulia.

"Mwambie kaka huendi tena," mkewe alisema.

"Halafu tutahamia wapi?"

 Mkewe alisogeza kitanda mbali na ukuta ili mumewe apate pa kulaza kichwa. Wateja walikuja wakauliza kama viatu vyao viko tayari, na mmoja alitundika mwavuli wake kwenye pembe ya kushoto, akausahau.

Shemeji alimzunguka mara mbili, kama mtu anayekagua gari kabla ya kulinunua. "Basi kesho gunia nitabeba mimi," alisema. "Wewe utasimama mbele."

Kesho yake fundi viatu alisimama penye nyasi fupi. Majike waliinua vichwa, wakamwona, wakaanza kumjia taratibu. Yule mtoto aliyelifuata gari alikuwa kati yao, amekonda. Alikuja mpaka gotini, akalamba gundi iliyokauka kwenye vidole vyake. Ulimi wake ulikuwa wa moto.

"Usitikisike, shemeji," sauti ilisema nyuma yake.

Kupunga mkono kungetosha kuwatawanya. Fundi viatu alilijua hilo, na mkono mmoja ulikuwa huru. Alifikiria vyumba viwili, rafu ya viatu vya watu, mkewe akifunga virago.  Mkono ulibaki pale ulipokuwa.

Bunduki ililia, jike mmoja akaanguka. Wengine walishtuka, wakakimbia, na walikimbilia nyuma ya fundi viatu, wakasimama hapo wakihema.

Jumatatu mkaguzi alisogeza chai yake pembeni na kupima kichwa kilichotoka kwenye gunia. Thelathini na nane. Akaandika dume, akasukuma fomu upande wa pili wa meza.

"Shahidi, inama kidogo," alisema. "Pembe zako zinanizibia mwanga."

Fundi viatu aliinama, na akiwa ameinama hivyo, akatia saini.