Kaseti za Gemu kwa Bakuli la Kangomba

Jumatatu, saa nne asubuhi, Cecil alifika Newala kwa Abdulrazaki akiwa na baiskeli, kisu na bakuli. Mizani hakuja nayo. Bakuli lenyewe ni lile la kangomba, ununuzi wa korosho wa mlango wa nyuma, ambalo mnunuzi anasema linaingia kilo moja na wewe mwenye korosho unajua linaingia kilo moja na nusu. Unanyamaza kwa sababu una shida, na asiye na shida haji kwenye kangomba. Cecil alikuwa mtu wa Masasi, mnunuzi wa korosho. Ila mwaka ule bei ya korosho ilikuwa imeanguka vibaya, kwa hiyo alikuwa akipita nyumba kwa nyumba ananunua chochote, redio, cherehani, mabati ya juu ya nyumba. Siku hiyo alikuja kukadiria kaseti za gemu.

Kaseti zilikuwa arobaini na tatu. Abdulrazaki alianza kuzikusanya zamani kidogo, pale wanunuzi binafsi walipoingia na hela ikaonekana. Msimu mmoja aliuza magunia kumi na moja, wenzake wakanunua mabati na baiskeli, yeye akashuka Masasi akarudi na televisheni ndogo, mashine ya gemu na betri ya gari. Watu walimcheka, halafu wakaja kucheza kwa shilingi hamsini. Wazee wazima, wana wajukuu, wanang'ang'ania pikipiki ya kwenye kioo. Sasa hamsini ilikuwa haipo mfukoni mwa mtu, na kibanda cha gemu kilikuwa na kazi moja tu, maji.

Maji yalikuwa kwenye kaseti ya kijani. Ilikuwa na kibwana mmoja mfupi, amejengwa kwa vijiboksi kama ukuta wa matofali, anakimbia kwenda kulia siku zote. Ukimfikisha hatua ya tatu anakuta mto. Ukimsimamisha hapo ukingoni, yeye anasimama lakini mto hausimami, unatokea chini ya televisheni. Unatega beseni. Betri ikiwa imejaa unapata ndoo nane. Bwana afya aliwahi kuja kuyapima, akaandika kwamba yanafaa, na kwenye mstari wa chanzo akaandika: hatua ya tatu. Majirani walikuwa wakichota bure na kunung'unika, kwamba yana harufu ya plastiki na chai yake inatoka na mistari. Lakini walichota. Newala maji yako bondeni, kushuka saa moja na kupanda saa mbili, ndoo kichwani.

Abdulrazaki alikuwa akiuza kwa sababu ya mkewe. Hamida alikuwa na mimba ya miezi tisa kasoro siku chache, na mtoto alilala kimshazari tumboni. Nesi Ida wa zahanati alimpapasa, akamwambia asijaribu kuzalia pale, apelekwe hospitali ya misheni kule chini akapasuliwe, tena kabla ya Jumamosi. Gari elfu arobaini, hospitali elfu ishirini. Jumla elfu sitini.

"Baba Lukmani," Cecil akasema, maana mtoto wao wa kwanza aliitwa Lukmani, "kwanza nikate sampuli."

"Unakata kaseti?"

"Nitajuaje kiini? Korosho siikati?"

Akachagua tano, akazipasua kwa kisu. Kwenye ya kwanza wakatoka bata wawili, wakaruka mpaka juu ya mkorosho wa jirani, wakatulia. Ya pili ikatoa kigari chekundu, kikagonga mguu wa kitanda kikazima. Ya tatu ilikuwa na muziki, ukatoka ukaisha. Mbili zilikuwa tupu. Cecil akahesabu kwa vidole. Viini vitatu kwa tano, si mbaya, akasema, na sampuli hailipwi, anajua kila mtu.

Halafu akazipima zilizobaki kwa bakuli, akizishindilia kwa kiganja mpaka liote kichuguu. Zikatimia bakuli sita. Alipofika kwenye ya kijani akaishika, akaipeleka sikioni, akafuta mkono kwenye suruali.

"Hii ina unyevu."

"Ina mto," Abdulrazaki akasema.

"Ndiyo nakwambia. Na imeshaambukiza nyingine. Mzigo wote daraja la pili, elfu tano bakuli. Zingekuwa kavu ningekupa kumi."

"Basi niitoe hiyo moja."

"Itoe, bakuli la sita halijai, na nyingine zinabaki mbichi vile vile. Zianike wewe, mbona mkulima mzima unafundishwa? Jumatano napita."

Hapo Abdulrazaki alipiga hesabu, na hesabu yake haikuwa ya kijinga. Bakuli sita kwa elfu kumi ni elfu sitini, ni gari na ni hospitali. Akatoa mkeka wa kuanikia korosho, akautandika uwanjani, akazimwaga.

Hamida alikuwa ameegemea mlango, mikono kiunoni.

"Ukiukausha mto, mimi nitajifungua na maji gani? Ida hampokei mtu bila ndoo mbili."

"Kwa Ida huendi. Unaenda misheni, huko kuna bomba."

"Haya. Na majirani?"

"Majirani si walisema yananuka?"

Hamida akacheka, akashika tumbo, akasema mwanao huyu hapendi mzaha. Ndivyo walivyokuwa wale wawili. Hata shida ikiwa imekaa mlangoni wataitafutia kigoda.

Zikaanikwa Jumatatu, zikaanikwa Jumanne. Abdulrazaki alizigeuza kwa mkono kila baada ya muda, kama alivyofundishwa na baba yake, zisipate jua upande mmoja. Jumanne adhuhuri akasikia ndani ya ile ya kijani kokoto zinabingirika. Akaichomeka kwenye mashine aone. Hatua ya tatu palikuwa na mchanga mtupu na samaki wawili wamelala ubavu. Kibwana alisimama ukingoni, akatazama chini, akatazama kulia alikozoea kwenda. Halafu akatoka chini ya televisheni, pale pale yalipokuwa yakitokea maji, akachukua ndoo ndogo ya bluu nyuma ya mlango, akaenda zake.

"Kachukua ndoo," Abdulrazaki akasema.

"Mwache," Hamida akasema. "Naye ana kiu."

Jumatano Cecil akafika. Akaweka kaseti sikioni, akatikisa, akafurahi.

"Sasa huu ndio mzigo. Daraja la kwanza, sikuonei. Elfu kumi bakuli."

Akaanza kupima. Lakini kitu kikianikwa kinanywea, hata wewe ukilala juani siku mbili utanywea. Kaseti zilikuwa zimerudi ndogo kama vipande vya sabuni. Bakuli la kwanza, la pili, la tatu, mkeka ukabaki mweupe.

"Tatu," Cecil akasema. "Elfu thelathini."

"Juzi kwa daraja la pili zilikuwa elfu thelathini hizo hizo."

"Umeona nilivyo mkweli? Wala sikushushi."

Abdulrazaki akamwangalia. Akaangalia bakuli, lile bakuli la kilo moja na nusu. Akapokea.

Akaenda kwa Husseni mwenye pikapu, pesa mkononi. Husseni akazihesabu, akamrudishia taratibu, bila ubaya.

"Ndugu yangu, hii inafika robo tatu ya njia. Nikushushie mgonjwa hapo?"

"Nitakumalizia msimu."

"Msimu upi, Abdulrazaki? Huu nilioambiwa jana, au ule nilioambiwa mwaka juzi? Mafuta hayangoji msimu."

Alhamisi alfajiri uchungu ukamshika Hamida. Wakampakia kwenye baiskeli, mama yake, Bibi Esha, anamshikilia kwa nyuma, wakamfikisha zahanati. Nesi Ida akamwona, akafumba macho kidogo, akasema nilisema nini mimi. Lakini akatandika kitanda, utamfukuza vipi.

"Maji?"

Abdulrazaki akaangalia baiskeli, haina ndoo.

"Ndoo mbili, Baba Lukmani. Mimi hapa sina hata ya kunawa mikono."

Abdulrazaki akaazima ndoo mbili, akashuka bondeni mbio. Akakuta foleni, ndoo arobaini na kitu, chemchemi inatoa kama inahesabiwa. Majirani zake wote walikuwepo, siku hizi tatu walikuwa wamerudi kuchota huko. Hakuna aliyemlaumu. Mbele yake alikuwa Kibwana na ile ndoo ya bluu, na mbele ya Kibwana wanawake wa kijiji cha Mkunya waliofika tangu usiku.

"Shemeji, una nani huko juu?" mmoja akauliza.

"Mke wangu. Yuko kwa Ida."

"Mpisheni," yule mama akasema, na wakampisha, wote, mmoja mmoja, kila mtu akavuta ndoo yake nyuma. Kibwana naye akavuta yake. Abdulrazaki akapiga magoti, akakinga. Chemchemi ilijaza kwa mwendo wake ule ule, haikujua habari ya mtu.

Ndoo ya kwanza ilipojaa, akatokea Bibi Esha kwenye njia ya mlimani. Alikuwa akitembea polepole. Hakuwa na ndoo. Na mtu akishuka bonde lile bila ndoo, watu wa kule hawaulizi, wanajua ni msiba. Wanawake wakavua vilemba vyao kichwani, wakavishika mkononi.

"Mtoto yupo," Bibi Esha akasema. "Wa kike. Analia."

Abdulrazaki hakusimama. Akaisogeza ile iliyojaa pembeni, akakinga ya pili.

"Inuka, baba. Twende."

"Ngoja ijae, mama. Moja ya mtoto. Na mama yake naye ataoshwa na maji gani?"

Ikajaa. Akajitwisha ya kwanza. Ya pili Kibwana akaiweka kichwani mwake, akaacha ile ya bluu mahali pake kwenye foleni, wakapanda mlima, Bibi Esha nyuma. Halikumwagika tone. Maji yale yalitosha.

Mtoto aliitwa Hamida. Kibwana mpaka leo anachota bondeni, anapelekea wajawazito kwa Ida, na akichelewa kuvuta ndoo yake watu wanamfokea kama mwenzao. Kaseti ziliuzwa Masasi kwa bei nzuri, kavu, daraja la kwanza. Msimu uliofuata Cecil akarudi na bakuli lile lile. Abdulrazaki akamletea korosho zake, kichanga amembeba mgongoni. Cecil akachukua moja, akaiweka sikioni, akafuta mkono kwenye suruali.

"Zina unyevu," akasema.