Kiptum na Ukungu Wake

Moshi wa trekta ya Kiptum ulifika kabla ya Kiptum mwenyewe. Ukishuka pale banda la kupimia majani ya chai, huko Roret, ulikaa juu ya vikapu kama mgeni asiyejua kuaga. Karani alikuwa ameshakinusa kikapu cha Chelimo, mmoja wa wakulima, wiki hiyo, akakunja uso.

"Dada, haya majani yananuka dizeli. Ukileta tena hivi utarudi nayo nyumbani, ulishe ng'ombe."

Kamati ya banda ikapiga marufuku: trekta yenye moshi isipite kati ya tangi la maji kule juu kilimani na banda kabla majani hayajapimwa. Kiptum aliunga mkono kabisa.

"Lakini mimi sina moshi," akasema. "Hiyo mnaona ni ukungu. Kwani mmehamia huku juzi?"

Basi wakamweka Phelix, mwenye studio ya picha sokoni, akae kando ya tangi na kamera. Amnase Kiptum na moshi wake, tuone vile atakana.

Picha zilipotoka, kamati ilizipitisha mkono kwa mkono. Kiptum ameweka mguu juu ya tairi. Kiptum ameshika kidevu. Kiptum amevaa miwani ya mtu. Moshi hakuna, hata wa sigara.

"Phelix, ulitumwa nini?" mwenyekiti akauliza.

"Sasa ningefanya nini, mzee? Akiona kamera anazima injini, anashuka, anachana nywele. Na mtu akisimama vizuri hivyo, utaacha kumpiga?"

Watu wakacheka mpaka mkutano ukavunjika. Chelimo alibaki akiangalia zile picha, moja moja, bila haraka. Anazima injini.

Kesho yake akapitia studio.

"Niazime ile kamera mbovu."

"Ya nini? Haina hata filamu," Phelix akasema.

"Nitairudisha majani yakishapimwa."

Alasiri trekta ikasikika. Chelimo akamwachia jirani yake Chepchirchir kikapu kwenye foleni, akapanda mpaka kwenye tangi, kamera shingoni. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Leo ni wewe?" Kiptum akauliza, akichomoa kitana kwenye soksi.

"Ni mimi. Simama hapo. Kidevu juu. Hiyo ndiyo juu yako?"

"Sasa je?"

"Wingu limeingia. Ngoja lipite."

Likapita, likaja lingine. Huku kwetu mawingu hayakosekani. Akamgeuza upande wa mashamba. Akamwambia afunge kifungo. Akamwambia atabasamu, si hivyo, kama mtu mwenye shamba lake. Kule chini aliona karani ameinamia kile kikapu alichomwachia Chepchirchir. Ananusa. Ananusa tena. Anakiweka kwenye mizani.

"Piga basi, shingo inauma!"

Chelimo alingoja mpaka kikapu cha mwisho kikapimwa. Ndipo akabonyeza.

"Tayari. Umetulia kuliko ng'ombe wetu akikamuliwa."

"Nitaichukua lini?"

"Hii sidhani itatoka," Chelimo akasema polepole.

"Nilifunga macho?"

"Unayajua macho yako kuliko mimi."

"Ai! Basi kesho turudie. Nitakuja na koti."

"Njoo saa hii hii," akasema Chelimo, akianza kuteremka. "Na injini uizime hapo hapo juu. Huo ukungu wako unaharibu picha."