Figo Haiulizwi Mara Tatu

Hebu niambie wewe unayesoma: kama umelelewa usiseme "ndiyo" mpaka uulizwe mara ya tatu, halafu jambo la uhai wako ukaulizwa mara moja tu, utafanyaje?

Attracta Gilmartin wa Leitrim, kule Ayalandi, alilelewa hivyo. Kwao ukiingia kwa jirani ukaambiwa, "Utakunywa chai?" unajibu, "La, usijisumbue." Ukiulizwa tena unasema, "Kweli, nimetoka kunywa sasa hivi." Mara ya tatu ndipo unasema, "Haya basi, tone tu, kwa ajili yako," ukakaa kitako ukamaliza birika, na mkate uliopakwa siagi nene kama kidole. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na anayeuliza mara moja ni bahili. Watoto wanayajua haya kabla ya kujua kusali.

Basi figo za Attracta zikafa. Mara tatu kwa wiki mumewe Malachy alimpeleka hospitali ya mjini, naye Attracta akaketi kwenye kiti kikubwa cha buluu, sindano mbili mkononi, damu ikatoka, ikasafishwa mashineni, ikarudi. Akirudi nyumbani ni kama nguo iliyokamuliwa. Maji alipimiwa. Chai, kikombe kimoja kidogo. Na viazi! Yeye ambaye viazi vyake vya mapema vilisifiwa bonde zima, vile vinavyopasua ganda na kucheka sufuriani, aliambiwa avikate, aviloweke, avichemshe, amwage maji, avichemshe tena, kupunguza madini ambayo figo zilizokufa haziwezi kuyatoa, mpaka vikawa na ladha ya karatasi.

Taabu nyingine ilikuwa majirani.

"Kikombe kimoja, Attracta," atasema Dympna wa ng'ambo ya barabara, birika mkononi.

"La, shoga, siruhusiwi."

"Aa, nusu basi. Nani yuko hapa akuone?"

Alikataa mpaka koo likamuuma, na hakuna aliyemwamini. Nchi nzima ile haimwamini mtu anayekataa.

Isipokuwa mmoja. Daktari Hoekstra alikuwa kijana wa Kiholanzi, mgeni hospitalini, mrefu wa kuinama kila mlango. Siku moja alivuta kigoda akakaa kando ya mashine.

"Bi Attracta, figo ya mtu kijana na mzima utaingoja miaka, na moyo wako unachoka. Lakini kuna nyingine, za watu waliofariki wakiwa wazee, miaka sabini na kitu, pengine walikuwa na presha. Zinafanya kazi, ila si kama mpya. Ukipandikizwa moja, huenda ikachelewa kuamka, huenda isidumu sana. Lakini itafika mapema. Nikuweke kwenye foleni ya hizo?"

Moyo wa Attracta uliruka. Lakini mdomo wake, uliolelewa vizuri, ukasema, "Aa, la, daktari. Wapeni wenye watoto wadogo. Mimi sina neno."

"Sawa. Nimekuelewa," alisema daktari. Akasimama, akaenda zake.

Attracta alibaki na jibu la pili mdomoni, na la tatu nyuma yake limeshavaa viatu. Akautazama mlango. Daktari hakurudi.

"Ameniuliza mara moja!" alimwambia Malachy garini. "Mara moja, kama anayeuliza saa!"

"Ulitaka apige magoti?"

"Nilitaka adabu."

"Lakini figo yenyewe unaitaka?"



"Ni ya mzee, Malachy," alijibu Attracta walipofika jikoni kwao. "Nimengoja kwa heshima zangu, leo nipewe kuukuu? Ikifa baada ya miaka michache, narudi kwenye kiti kile kile, na kovu juu yake."

Malachy alikuwa anavua buti. "Mimi nina miaka mingapi?"

"Sabini na mbili, na akili ya saba."

"Asubuhi nani kamtoa kondoo mtaroni?"

"Wewe."

"Kwa mgongo upi?"

"Huo huo mbovu."

"Basi!" Akaziweka buti kando ya jiko. "Kama kitu cha miaka sabini hakifai kazi, nionyeshe pa kulala zizini, nisikupotezee nafasi."

Attracta alicheka mpaka akashika meza. Kisha akauliza polepole, "Na ikidumu miaka michache tu?"

"Ni miaka michache ya kunywa chai na mimi. Mimi mwenyewe sina dhamana zaidi ya hiyo."

Kesho yake Attracta alitoka kuangalia mbegu zake. Viazi vya mwaka jana vilipangwa kwenye trei kibandani, vimekunjamana kama mikono yake, na kila kimoja kimetoa chipukizi nene la zambarau. Miaka yote hakuwahi kupanda kiazi kipya wala kuomba radhi kwa mbegu yake. Alikigeuza kimoja kiganjani, akakirudisha taratibu, macho ya chipukizi yakitazama juu.

Siku ya mashine ilipofika, alichana nywele na kuvaa hereni. Daktari akapita.

"Hujambo, Bi Attracta?"

"Sijambo, nashukuru." Akangoja. Daktari akasoma mashine. "Wanasema," alianza Attracta, akitazama dari, "wazee wa siku hizi wana figo ngumu."

"Wengine, ndiyo," alisema daktari, akahamia kiti cha pili.

Mzee wa kiti kile, dereva mstaafu wa malori ya maziwa, alimwinamia Attracta akinong'ona. "Huyo hajui mafumbo, mama. Mwambie mchana kweupe."

Attracta alivuta pumzi. Mama yake, na bibi yake, na ukoo wote wa wanawake wasiowahi kunyoosha mkono kwanza, walikuwa wamesimama nyuma ya kiti kile cha buluu. Akakaa wima, shingo ndefu, mbele yao wote.

"Daktari Hoekstra!"

Chumba kizima kikageuka. Daktari akarudi.

"Juzi nilikuambia la. Kwetu la ya kwanza ni salamu tu."

"Salamu?" Kijana wa watu akakuna kichwa. "Nisamehe, mama, sikujua. Basi nikuulize te..."

"Usiniulize!" Akainua mkono ule usio na sindano. Mlangoni Malachy alikuwa amevua kofia, uso unamng'aa. "Usiniulize, mwanangu. Nasema mwenyewe. Naitaka figo hiyo. Iwe ya mzee, iwe inachelewa kuamka kama mume wangu pale. Mimi, Attracta Gilmartin, naitaka."