Chungwa la Mfano

Katika banda la kupakia machungwa, Darubini ndiye aliyekuwa mkaguzi. Jina hilo alipewa na wifi yake, aliyekaa naye meza moja, kwa jinsi alivyoweza kuona tundu la funza hata likiwa kama ncha ya sindano. Maana kuna nondo mdogo wa rangi ya vumbi, ukimwona humdhanii kitu, hutaga yai juu ya ganda. Funza akianguliwa hujichimbia ndani, akajilia kwa raha zake kama bwana harusi.

Siku ile mnunuzi mkubwa alikuja mwenyewe, tumbo limetangulia. Sharti lake lilijulikana: akiona funza mmoja tu, ananunua kwingine, na banda litafungwa.

Sasa, Darubini alikuwa na chungwa moja bovu la kufundishia wafanyakazi wapya, lina matundu mawili yamekaa kama macho. Alilifunga kwenye leso, akalitia mfukoni mwa aproni. Mnunuzi alipoomba kuonja, Darubini alichomoa leso haraka apanguse sahani, akapanga machungwa matatu. Kutazama tena, manne! La mfano limebiringika humo humo, na mkono wa mnunuzi umeshalishika.

"Hilo hapana, baba!" Akampokonya.

"Kwani lina nini?"

Wifi akabana kicheko. "Mwambie, wifi. Lina nini?"

Darubini alikuwa mtu wa ibada, uongo hausemi. "Nataka kulila mimi," akasema, na kwa wakati ule ilikuwa kweli tupu. Akamwomba Mola amlinde, akalimenya, akalila lote, kokwa na utando, macho kayafumba kama anayekunywa shubiri.

Mnunuzi akaduwaa. "Mabanda yote niliyozunguka, sijaona mkaguzi mwenye uchu hivi na matunda yake. Pakieni yote!"

Alipoondoka, wifi akajishika mbavu. "Haya, kitoweo kilikuwaje?"

"Niache mie. Tumbo linatembea."

"Litembee nini! Tazama leso yako."

Kwenye pindo la leso, funza mnene wa rangi ya waridi alikuwa akijikokota, katoka zamani.

"Ewe Mola, ahsante!" Darubini akainua mikono juu. Kisha akaishusha polepole. "Wifi, lile chungwa lilikuwa na matundu mangapi?"

"Mawili."

Wote wakamtazama yule funza. Alikuwa mmoja.